Kumbukumbu za Nyumba Ni za Nani?



Je, mmewahi kubishana juu ya jambo ambalo nyote wawili mliliona kwa macho yenu? Mume anawasimulia wageni siku walipohamia chumba chao cha kwanza cha kupanga, na jinsi mvua ilivyowanyeshea wakiwa na godoro mabegani. Mke anamkatiza: "Baba watoto, mvua gani tena? Siku hiyo lilikuwa jua la utosi, na godoro lililetwa kwa mkokoteni." Wageni wanacheka. Mume naye anacheka, lakini hadithi yake haimalizi.

Utasema hilo ni jambo dogo. Ni dogo kweli, likitokea mara moja. Likizoeleka, mmoja wa wawili hao hujifunza kunyamaza. Kila akitaka kusema anavyoikumbuka harusi, au kuzaliwa kwa kifungua mimba, au mwaka ule kazi ilipopotea, huona afadhali amwachie mwenzake, kwa kuwa mwenzake ndiye hodari wa kusimulia, au ndiye mwenye sauti kubwa. Miaka ishirini ikipita, nyumba nzima ina kumbukumbu za mtu mmoja tu, na yule mwingine anaishi humo kama mpangaji.

Ndiyo maana inafaa tuulize: kumbukumbu za nyumba ni za nani? Ni za yule anayekumbuka vizuri zaidi? Ni mali ya wote wawili, kama shamba lenye hati moja? Au kila mmoja ana zake, na mwenzake asiziguse? Leo nataka tulitafute jibu kwa njia ambayo huenda wengi wenu hamjaijaribu, nayo ni kuchora kwa rangi, mume na mke pamoja, juu ya ubao mmoja.

Mchoro usio na sura ya kitu

Mchoro ninaousema ni wa aina ambayo wasanii huiita sanaa dhahania. Ni mchoro usioiga sura ya kitu chochote. Humo hamna nyumba, hamna mti wala mtu. Kuna rangi, mistari, madoa na nafasi zilizoachwa wazi. Si lazima mchoraji apange mapema atakachofanya. Anaweza kuweka rangi moja, akaitazama, kisha moyo wake ukamwambia ni ipi ifuate na iwekwe wapi.

Najua wapo watakaosema, "Hayo ni mambo ya Wazungu wasio na kazi." Subirini kidogo. Hebu kitazameni kiondo alichosuka nyanya yenu. Ile mistari ya rangi inayokizunguka ni picha ya nini? Si picha ya kitu. Lakini yeye aliyesuka alijua kwa nini mstari huu uwe mpana na ule uwe mwembamba, na kwa nini hii nyekundu ikae karibu na ile nyeusi. Tazameni pia shanga za Wamaasai, jinsi rangi inavyowekwa kando ya rangi pasipo sura ya mtu wala mnyama, na bado mwenyeji huzisoma. Kusema kwa rangi bila kuchora kitu si jambo geni kwetu hata kidogo.

Na huko Ulaya kwenyewe, moja kati ya kazi za mwanzo za aina hii ilitokana na malezi ya mtoto mchanga. Mama mmoja, Sonia Delaunay, aliyezaliwa Ukraine mwaka 1885, alikuwa akiishi Paris na mumewe Robert, aliyekuwa mchoraji kama yeye. Mwaka 1911 walijaliwa mtoto wa kiume, Charles. Mama huyo akaamua kumshonea mwanawe blanketi la viraka, kama yale aliyokuwa ameyaona katika nyumba za wakulima wa Urusi. Alichukua vipande vya vitambaa vya rangi mbalimbali, akaviunganisha kwa kufuata jicho lake. Lilipokwisha, mume na mke wakaanza kuijaribu njia hiyo katika michoro yao. Blanketi lile, lenye urefu wa kama mita moja, leo limehifadhiwa katika jumba la taifa la sanaa ya kisasa mjini Paris. Mama huyu hakukaa chini akasema, "Sasa nitengeneze sanaa." Alikuwa anamfunika mtoto wake kwa kitu alichokikumbuka.

Anayekumbuka tofauti si lazima awe mwongo

Sasa turudi kwenye lile godoro. Mmoja anakumbuka mvua, mwingine anakumbuka jua. Wengi wetu tunadhani kumbukumbu ni kama picha iliyopigwa na kuwekwa kabatini, kwa hiyo zikitofautiana, mmoja anadanganya. Sivyo ilivyo. Mwaka 1932 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Frederic Bartlett, alitoa kitabu juu ya jambo hili. Aliwapa watu hadithi fupi ya Wahindi Wekundu wa Marekani, akawaomba waisimulie tena baada ya muda, na tena baada ya muda mrefu zaidi. Kila waliposimulia, hadithi ilibadilika. Yale yaliyokuwa mageni kwao yalidondoka, au yakageuzwa yafanane na mambo waliyoyazoea. Watu wale hawakuwa waongo. Bartlett alionyesha kwamba tunapokumbuka, hatuchukui kitu kilichowekwa kikiwa kizima, bali tunakijenga upya, na tunakijenga kwa vifaa vilivyomo ndani yetu.

Muda mrefu kabla yake, Mtakatifu Augustino aliandika juu ya kumbukumbu katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake. Alistaajabia jambo ambalo kila mwenye ndoa analijua: kwamba mtu anaweza kuikumbuka huzuni yake ya zamani akiwa na furaha, na kuikumbuka furaha yake ya zamani akiwa na huzuni. Ndivyo ilivyo. Mwaka wa njaa unaweza kukumbukwa kwa kicheko, na siku ya harusi ikakumbukwa kwa machozi.

Basi katika kila jambo mliloishi pamoja kuna vitu viwili. Kuna tukio lenyewe, na kuna jinsi lilivyomgusa kila mmoja wenu. Wahenga husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ninyi mmelala kitanda kimoja miaka yote hii, na bado kila mmoja ana kunguni wake aliyemuuma.

Mkibishana kwa maneno, vitu hivi viwili huchanganyika. Mke akisema "Lilikuwa jua," mume husikia "Wewe ni mwongo." Lakini mume akiweka rangi ya kijivu ubaoni, na mke akaweka manjano kando yake, hapana anayeweza kusema "Si kweli." Manjano haikanushi kijivu. Zote mbili zinakaa pale, na nyote wawili mnaanza kuuliza swali ambalo hamkuwahi kuliuliza: "Kwa nini wewe siku ile ilikuwa kijivu kwako?" Huenda mume akajibu kwamba siku hiyo mfukoni alikuwa na shilingi za chakula cha siku tatu tu, na hakutaka mkewe ajue. Mvua aliyokuwa akiisimulia miaka yote hii pengine ndiyo hiyo.

Rangi isitumike kuficha

Hata hivyo nawaonya. Nisije nikaeleweka kwamba hakuna ukweli, na kwamba kila mtu aseme lake. Tukio ni tukio. Kama baba hakuwapo hospitali siku mtoto alipozaliwa, hakuwapo, na wala rangi ya dhahabu haitamfikisha huko. Kama pesa za karo zilinyweka baa, zilinyweka. Mchoro hauwezi kuwa mahali pa kukimbilia ili mtu asiambiwe lake. Anayesema, "Mimi naikumbuka tofauti," ili asiombe msamaha, anaitumia vibaya kumbukumbu yake na ya mwenzake.

Kwa hiyo, kama kati yenu kuna jambo la kusameheana, lisemeni kwanza kwa maneno mapana, bila kulizungushazungusha. Uchoraji uje baadaye. Uje kuonyesha uzito wa jambo, wala usije kubadili jinsi lilivyotokea.

Namna ya kuanza

Hamhitaji vitu vingi. Tafuteni kipande cha ubao mwembamba, kama sentimeta 60 kila upande. Kipigeni msasa kidogo, mkipake rangi nyeupe mara mbili na kukiacha kikauke. Rangi za akriliki zinafaa kwa sababu huchanganywa na maji na hukauka upesi. Mkizikosa, hata rangi ya maji iliyobaki mlipopaka ukuta itatosha. Nunueni nyekundu, buluu, manjano, nyeupe na nyeusi. Buluu na manjano zitawapa kijani, nyekundu na manjano zitawapa rangi ya machungwa, na mkichanganya nyekundu na kijani mtapata hudhurungi ya udongo. Brashi mbili zinatosha, moja pana na moja nyembamba. Tandikeni magazeti ya zamani mezani, mvae nguo za kazi, na muoshe brashi kabla hazijakauka.

Chagueni kumbukumbu moja mnayoipenda nyote wawili. Isiwe "maisha yetu yote". Iwe siku moja, au mahali pamoja: usiku wa kwanza nyumbani na mtoto mchanga, safari ya basi kwenda kuwaona wazazi Krismasi, shamba la mahindi mlilolipanda mwaka wa kwanza wa ndoa. Kabla ya kuchora, kaeni kimya kama dakika kumi, kila mtu na mawazo yake. Msijiulize "Kilitokea nini?" Jiulizeni: ilikuwa baridi au joto? Palinukia nini, moshi, maziwa au udongo uliolowa? Sauti gani ilisikika? Na hayo yote yangekuwa rangi, yangekuwa rangi gani?

Msishangae rangi zikija kabla ya mengine. Mchoraji Wassily Kandinsky, mzaliwa wa Moscow, mmoja wa waanzilishi wa sanaa hii, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1913. Humo alieleza kwamba mambo ya kwanza yaliyomgusa sana maishani, tangu akiwa na miaka mitatu, yalikuwa rangi: kijani kibichi, nyeupe, nyekundu iliyokolea, nyeusi na manjano ya udongo.

Kisha anzeni. Mmoja aweke rangi, mwingine aitazame, ndipo naye aweke yake. Mpokezane hivyo hivyo. Fuateni sheria tatu tu. Ya kwanza, msizungumze wakati wa kuchora. Ya pili, mtu asimwambie mwenzake "Hapo umeharibu." Ya tatu, mtu asifunike alichoweka mwenzake bila kumwomba ruhusa.

Wala msitafute mchoro wa mtu mwingine mkauiga. Hapa kwetu, Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Tanzania na mwanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965, anajulikana kwa onyo lake kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Jirani yenu hakuishi siku yenu. Mchoro wake, hata ungekuwa mzuri namna gani, hauwezi kuikumbuka.

Doa jeusi

Ile sheria ya tatu ndiyo ngumu, nayo ndiyo kiini cha mambo yote. Hebu fikirini mume na mke waliochagua kuchora siku kifungua mimba wao alipozaliwa. Mke anapaka rangi ya machungwa, na manjano, na nyeupe. Mume anachovya brashi kwenye nyeusi, na kuweka doa kubwa katikati kabisa. Mke anashtuka. Anaona siku yake imechafuliwa. Mkono wake unataka kuchukua nyeupe na kulifunika.

Asilifunike. Na amwache mumewe aseme mwenyewe, akitaka kusema, doa lile ni nini. Pengine ni usiku aliosimama nje ya mlango wa wodi, muuguzi alipopita mbio bila kumtazama, naye akadhani amempoteza mke na mtoto pamoja. Kwa mama, siku ile ilikwisha kwa kilio cha mtoto na furaha. Kwa baba, ule usiku haujaisha, ila tu hakuwa na mahali pa kuuweka. Wanaume wetu wamefundishwa kwamba hofu haisemwi. Mke aliyeishi naye miaka kumi na mitano huenda hajui kwamba siku aipendayo kuliko zote ina giza ndani yake.

Na zipo nyumba ambazo doa hilo ni kaburi la mtoto. Mzazi mmoja anataka kumtaja kila siku, mwingine hawezi kulisikia jina lake, na kila mmoja anadhani mwenzake hakumpenda marehemu ipasavyo. Watu hawa msiwaharakishe. Wao wenyewe wasijilazimishe. Lakini ikifika siku yao ya kuchora, anayeweka nyeusi na anayeacha mahali peupe bila kupagusa, wote wawili wanaomboleza. Naomba mwenye nyeusi asiujaze weupe wa mwenzake, na mwenye weupe asiifute nyeusi.

Mtafanya nini basi, ikiwa doa linawaumiza kulitazama? Wachoraji wanajua njia. Rangi nzito hufunika kabisa kilicho chini yake. Lakini rangi hiyo hiyo ukiizimua kwa maji mengi, ukaipaka nyepesi juu ya iliyokauka, ya chini huendelea kuonekana, ila sura yake inalainika. Muulize mwenzako: "Naweza kupitisha nyepesi juu yake?" Akikubali, pitisha. Akisema "Bado," ngoja. Ubao hauendi popote.

Hapa ndipo ninapopata jibu langu kwa lile swali la mwanzo. Tukio ni lenu nyote wawili. Kumbukumbu ni ya kila mmoja wenu. Na kila mmoja amekabidhiwa kumbukumbu ya mwenzake aitunze, hasa ile ambayo yeye mwenyewe hana. Siku ya harusi mlikubali kutunzana katika afya na ugonjwa. Sioni kwa nini tuitunze homa ya mwenzetu kisha tumnyang'anye siku zake zilizopita.

Wageni wakiuliza

Mkimaliza, mchoro huenda usiwe mzuri machoni pa watu. Hilo lisiwasumbue. Andikeni tarehe nyuma ya ubao, muutundike sebuleni au chumbani, mnavyokubaliana. Watoto wataupenda, na wataanza kuuliza. Waambieni yale yanayowafaa kwa umri wao. Wengine watataka wachore nao. Wapeni ubao wao, kwa maana wao pia wana kumbukumbu za nyumba hii, na huenda mkashangaa kuona wao waliiona rangi gani siku mliyodhani mmegombana kimyakimya.

Shemeji akija, atasimama na kuuliza, "Hii nayo ni picha ya nini?" Hapa mchoro usio na sura unawasaidia sana. Picha ya harusi humwambia kila mgeni kilichotokea. Huu hauwaambii chochote. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mnaweza kutundika ukutani hofu yenu, deni lenu na furaha yenu, mbele ya ukoo mzima, na mambo yenu yasianikwe. Lakini kila mmoja ajue mpaka wake: rangi yako unaweza kuieleza kwa umtakaye, ila rangi ya mwenzako usiieleze. Hata kwa mama yako mzazi. Mgeni akikuuliza juu ya lile doa jeusi, mjibu, "Muulize mwenyewe," halafu uende ukalete chai.

Jumamosi mojawapo mwezi huu, watoto wakiwa wamelala, jaribuni. Ikiwa mmoja wenu anaona haya au anacheka, mwanzie wewe. Weka rangi moja tu, kisha umpe mwenzako brashi, na umpe nafasi.